Kutafuta hitilafu ya umeme katika saketi ya swichi ya nafasi za gia

Msimbo wa hitilafu P0705 ukitokea kwenye skana (kifaa cha kusoma taarifa za kompyuta za gari), swichi ya nafasi za gia huhukumiwa haraka: inafunguliwa, mpya inanunuliwa, na mara nyingi msimbo uleule unarudi baada ya gari kuondoka gereji. Msimbo huo hausemi kwamba swichi imekufa. Unasema kwamba kompyuta ya giaboksi imepokea kutoka kwenye saketi hiyo taarifa isiyowezekana, na saketi yenyewe ina fyuzi, nyaya, viunganishi, athi (njia ya kurudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri kupitia bodi ya gari), kebo inayozungusha swichi, na kompyuta yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima vitu hivyo kwa mpangilio, ili swichi ibadilishwe pale tu ambapo vipimo vimethibitisha kuwa ndiyo yenye kosa.

Swichi hii inafanya nini

Katika magari mengi ya giaboksi ya otomatiki, swichi imefungwa ubavuni mwa giaboksi, juu ya mhimili unaozungushwa na kebo ya wenzo wa gia. Katika mengine imewekwa ndani, pamoja na bodi ya vali, na kuifikia kunahitaji kumwaga mafuta na kufungua sampu. Popote ilipo, kazi zake ni tatu: kuruhusu stata (mota inayowasha injini) izunguke katika P (kuegesha) na N (gia huru) pekee, kuwasha taa za nyuma, yaani zile za kurudi nyuma, gari linapowekwa R, na kuijulisha kompyuta dereva amechagua nafasi gani. Ni muhimu kukumbuka kwamba katika swichi nyingi miguso ya stata ni tofauti na miguso ya kuijulisha kompyuta, ingawa yote imo ndani ya kasha moja. Kwa hiyo gari kuwaka vizuri hakuthibitishi kwamba swichi ni nzima, na gari kukataa kuwaka hakuthibitishi kwamba kompyuta inapata taarifa potofu.

Kabla ya kushika mita, tambua swichi yako ni ya aina gani, kwa sababu kipimo sahihi kwa aina moja kinaweza kupotosha au hata kuharibu kitu katika aina nyingine. Aina ya kwanza na rahisi zaidi hupokea volti 12 kupitia waya mmoja na kuzitoa kwenye waya tofauti kwa kila nafasi: mmoja wa P, mmoja wa R, na kuendelea. Kompyuta hutarajia ishara ya nafasi moja kwa wakati mmoja. Ikiona mbili kwa pamoja, huandika P0705. Aina ya pili ina vikinzani ndani yake, nayo hurudisha volti tofauti kwa kila nafasi kutoka kwenye volti 5 zinazotolewa na kompyuta. Hapo P0707 humaanisha kwamba ishara imeshuka mno, na P0708 kwamba imepanda mno.

Aina ya tatu hutumia nyaya nne zenye mfumo wa msimbo. Kompyuta huweka volti kwenye kila waya kupitia kikinzani kilicho ndani yake, na swichi huunganisha baadhi ya nyaya hizo na athi kulingana na nafasi iliyochaguliwa, hivyo kila nafasi ikawa na muundo wake wa nyaya zilizo juu (zenye volti) na zilizo chini (zilizoshushwa na athi). Waya mmoja kati ya hizo nne ni wa ukaguzi: katika mpangilio uliotumiwa sana na General Motors, idadi ya nyaya zilizoshushwa ni shufwa daima, mbili au nne. Waya mmoja ukikatika au ukigusa athi, idadi inakuwa witiri katika kila nafasi ambayo waya huo ulipaswa kuwa kinyume, na hapo kompyuta inatambua kwamba inadanganywa. Aina ya nne ni kihisi cha kielektroniki kisicho na miguso, kinachotoa volti inayobadilika au mapigo ya umeme. Hicho hupimwa kwa skana na osiloskopu (kifaa kinachochora mabadiliko ya volti), wala hakipimwi kwa kusoma omu kati ya pini zake.

Misimbo miwili iliyobaki katika familia hii ina maana zake. P0706 hutokea ishara inapokuwa ya kawaida kwa umeme wake lakini haipatani na mambo mengine, kwa mfano swichi inaposema P huku kihisi cha mwendo kikionyesha kwamba magurudumu yanazunguka. P0709 ni ya hitilafu inayokuja na kuondoka.

Maandalizi na usalama

Tafuta mchoro wa nyaya wa modeli na mwaka wa gari husika. Rangi za nyaya na namba za pini hutofautiana hata kati ya magari yenye giaboksi ya aina moja, na kubahatisha hapa ndiko kunakounguza kompyuta. Utahitaji pia multimita ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 au zaidi, taa ya majaribio yenye balbu, waya wa kuungia wenye fyuzi ndogo, na skana inayoonyesha data za moja kwa moja, si ile ya kusoma na kufuta misimbo tu.

Weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, na kanyaga breki kila unapojaribu kuwasha injini. Gari lenye hitilafu katika swichi hii linaweza kuzungusha stata likiwa ndani ya gia na kuruka mbele, na mtu aliye mbele yake hana muda wa kukwepa. Ukilazimika kuingia chini, liegemeze gari juu ya stendi. Jeki pekee haitoshi. Usiguse viunganishi vya rangi ya njano, ambavyo katika magari mengi ni vya mifuko ya hewa. Mwisho wa maandalizi, pima betri: gari lililopumzika linapaswa kuonyesha kati ya volti 12.4 na 12.6. Betri dhaifu huzalisha misimbo ya uongo katika mifumo mingi kwa pamoja, na kuendelea kupima ukiwa nayo ni kupoteza siku.

Hatua ya kwanza: soma kabla ya kufuta

Andika misimbo yote pamoja na data zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea: mwendo wa gari, joto la mafuta ya giaboksi, na nafasi ya gia iliyosomwa. Halafu, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umezungushwa hadi taa za dashibodi ziwake, fungua ukurasa wa data za giaboksi na usogeze wenzo wa gia polepole kutoka P hadi nafasi ya mwisho, ukisimama sekunde chache kila nafasi. Rudia ukirudi nyuma.

Dakika hizi chache zina thamani kuliko kipimo kingine chochote, kwa kuwa sura ya kosa huonyesha mahali pa kutafuta. Nafasi zote zikisomwa vibaya au zisiposomwa kabisa, tafuta kitu kinachotumiwa na zote: fyuzi, waya wa kulisha, athi au kiunganishi. Nafasi moja tu ikikosekana, kosa liko kwenye waya mmoja au mguso mmoja. Kila nafasi ikisomwa kama jirani yake, au ishara ikipotea wenzo unapotulia lakini ikarudi unaposukumwa kidogo, kosa ni la kebo au marekebisho, na umeme hauna hatia. Nafasi mbili zikionekana kwa pamoja katika swichi ya aina ya kwanza, nyaya mbili zimegusana, au maji na mafuta yameingia ndani ya swichi na kuunganisha miguso.

Dalili za dereva zisomwe kwa njia hiyohiyo. Gari linalowaka katika N lakini likakataa katika P kwa kawaida lina swichi iliyosogea au mguso uliolika. Taa za nyuma zikikosekana pamoja na kionyeshi cha gia kwenye dashibodi, fyuzi ya pamoja ndiyo ya kushukiwa kwanza. Giaboksi iliyojifunga katika gia moja, mara nyingi ya tatu, imeingia katika hali ya kujilinda, nayo haitatoka humo hadi kompyuta ipate ishara inayoiamini.

Hatua ya pili: kebo na marekebisho

Mwombe mtu asogeze wenzo huku ukiangalia mkono wa swichi kwenye giaboksi. Unapaswa kutembea mara moja na wenzo, bila kuchelewa. Bushi ya plastiki iliyolika mwishoni mwa kebo husababisha swichi isifike mahali pake, na kosa hilo huandikwa na kompyuta kana kwamba ni la umeme.

Swichi nyingi za nje zina alama ya kupanga N. Weka giaboksi katika N, legeza bolti za swichi, zungusha kasha hadi alama zake zilingane, kisha kaza. Usirekebishe kwa kutafuta tu mahali ambapo stata inakubali kuzunguka, kwa sababu stata inaweza kukubali huku miguso ya kompyuta ikiwa pembezoni mwa mstari wake, na msimbo utarudi mtetemo wa barabara utakapoisogeza swichi kidogo.

Hatua ya tatu: fyuzi na kiunganishi

Fyuzi ipimwe ikiwa mahali pake, kwa kugusa vichwa vyake viwili kwa taa ya majaribio. Kuitazama kwa macho hakutoshi. Ikiwa imekatika, usiweke kubwa zaidi. Katika magari mengi fyuzi inayolisha swichi ndiyo inayolisha taa za nyuma, kwa hiyo shoti iliyoikata inaweza kuwa mbali kabisa na giaboksi: kwenye soketi ya taa iliyoingia maji, kwenye nyaya zinazokunjwa kila mlango wa nyuma unapofunguliwa, au kwenye nyaya zilizoongezwa kwa ajili ya tela. Chomoa kiunganishi cha swichi na uweke fyuzi nyingine ya ukubwa uleule. Ikikatika tena kabla hata wenzo haujaguswa, shoti iko kwenye waya wa kulisha. Ikisalimika, rudisha kiunganishi na usogeze wenzo. Ikikatika unapofika R tu, fuata nyaya za taa za nyuma.

Kisha chunguza kiunganishi kwa mwanga mzuri. Ukungu wa kijani kwenye pini ni kutu ya shaba. Mafuta mekundu ndani ya kiunganishi yanamaanisha kwamba sili ya swichi imepasuka; mafuta hayo yana uwezo wa kupanda ndani ya waya kati ya nyuzi za shaba na kutokeza kwenye kiunganishi cha kompyuta, kwa hiyo ukiyaona huku, angalia na kule. Vuta kila waya kwa upole: waya uliokatika ndani ya ngozi yake hunyooka kama mpira. Usichomeke ncha ya mita ndani ya pini ya kike. Ncha hiyo huipanua, na ukimaliza utakuwa umeacha hitilafu mpya inayotokea na kupotea. Tumia pini ya kiume ya ukubwa unaolingana, au pima kupitia nyuma ya kiunganishi kwa sindano nyembamba.

Hatua ya nne: kupima kukiwa na mzigo

Hapa ndipo vipimo vingi hupotosha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Multimita yenye megaomu 10 ikiwekwa kwenye volti 12 huvuta kama maikroampia 1.2, mkondo mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya ishirini utapitisha mkondo huo bila shida, na mita itaonyesha volti 12 kamili. Fundi atasema umeme upo, atageukia swichi, na ataibadilisha bure. Waya huohuo ukiombwa ampia moja au mbili, volti zake zitaporomoka.

Kwa swichi ya aina ya kwanza, chomoa kiunganishi, washa umeme wa gari, na pima volti kati ya pini ya kulisha na bodi ya gari. Kisha unganisha balbu ya wati 21 mahali hapohapo. Balbu hiyo huvuta takriban ampia 1.75, na waya unaimudu kwa kuwa ndio unaolisha taa za nyuma. Balbu inapaswa kung’aa kikamilifu. Ikiwa inawaka, pima tofauti ya volti kati ya ncha chanya ya betri na pini hiyo: ikizidi takriban volti 0.5, kuna ukinzani njiani, nawe utaupata kwa kusogeza ncha ya mita kutoka kiunganishi kimoja hadi kingine hadi tofauti hiyo itakapopungua ghafla. Mahali pa kupungua ghafla ndipo penye kosa.

Athi nayo hupimwa hivyohivyo kwa upande wa pili. Katika swichi ya nyaya za msimbo ambayo athi yake huenda moja kwa moja kwenye bodi, unganisha balbu ndogo ya wati 5 kati ya chanya ya betri na pini ya athi, halafu pima volti kati ya pini hiyo na ncha hasi ya betri. Kipimo kisizidi volti 0.1. Athi mbovu huinua nyaya zote zilizopaswa kuwa chini, na kompyuta huona muundo usiokuwepo katika orodha yake. Ikiwa mchoro unaonyesha kwamba athi inatoka ndani ya kompyuta, usiiwekee balbu. Vilevile usiweke balbu kwenye waya wowote wa volti 5 wala waya wa ishara unaoingia kwenye kompyuta. Volti za nyaya hizo hupimwa kwa multimita, si kwa balbu.

Hatua ya tano: kuiigiza swichi

Kiunganishi kikiwa bado kimechomolewa, unaweza kupima nyaya na kompyuta kwa mkupuo mmoja bila kugusa kiunganishi cha kompyuta, na ningependa kila fundi aizoee njia hii. Katika swichi ya msimbo, data za skana zinapaswa kuonyesha nyaya zote nne zikiwa juu. Unganisha waya mmoja na athi kwa waya wa kuungia, na utazame skana: waya huo, na huo peke yake, unapaswa kushuka. Ukishuka, waya wote pamoja na lango lake kwenye kompyuta ni vizima. Usiposhuka, waya umekatika au kompyuta haisikii. Ukishuka na mwingine, nyaya hizo zimegusana. Waya ulioonekana chini kabla hata hujaugusa unagusa bodi mahali fulani.

Katika swichi ya miguso ya aina ya kwanza, unganisha pini ya kulisha na pini ya kila nafasi kwa waya wenye fyuzi, ukihakikisha kwenye mchoro kwamba huigusi saketi ya stata, na uangalie kama skana inataja nafasi husika. Katika swichi ya vikinzani, kuchomoa kiunganishi kunapaswa kuipeleka ishara kwenye ukomo mmoja, na kuunganisha waya wa ishara na athi ya swichi kunapaswa kuipeleka kwenye ukomo wa pili. Ikiwa ishara inafika pande zote mbili, kilichobaki kushukiwa ni swichi.

Pale ambapo uigizaji umeonyesha kosa, zima umeme, ondoa ncha hasi ya betri, chomoa pande zote mbili, na pima kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho, kati yake na bodi, na kati yake na jirani zake. Mahali pa kuchunguza kwanza ni pale waya unapopita karibu na bomba la moshi, chini ya kitako cha betri, na kwenye vishikizo vya chuma. Mikono ya injini (vishikizo vinavyoibeba) iliyochoka huruhusu injini kutikisika na kuvuta nyaya za giaboksi kila gari linapoondoka.

Hatua ya sita: swichi yenyewe

Sasa tu ndipo swichi inapopimwa. Gusanisha kwanza ncha za mita na uondoe ukinzani wao kwenye hesabu. Katika aina ya miguso, pini zinazopaswa kuungana ndani ya nafasi fulani zisome chini ya omu 1, na zisizopaswa kuungana zisisome chochote. Sogeza wenzo polepole, utikise kidogo kila nafasi, na ulinganishe na jedwali la mtengenezaji. Aina ya vikinzani ilinganishwe na viwango vya gari husika, ikitazamwa zaidi kama inaruka kutoka kiwango kimoja hadi kingine kwa utulivu. Pima pia kati ya kila pini na kasha la giaboksi, isipokuwa pini ambayo kwenye mchoro imeunganishwa na athi hapohapo.

Swichi iliyofaulu ikiwa baridi haijafaulu bado, kwa sababu kazini imebanwa kwenye chuma chenye joto la mafuta ya giaboksi. Kwa gari lenye P0709, ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, au endesha gari hadi lipate joto lake, na urudie vipimo huku mita ikirekodi kiwango cha juu na cha chini.

Kompyuta hushukiwa mwisho kabisa, na baada tu ya kupima umeme wake wa kulisha na athi zake kwa balbu, kwa namna ileile ya hatua ya nne.

Kutengeneza na kuthibitisha

Waya wenye kutu ukatwe hadi ilipobaki shaba safi, uungwe imara, na ufunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Utepe peke yake chini ya gari huachia maji. Swichi mpya ifungwe katika N, ipangwe kwa alama, na bolti zikazwe kwa kiwango cha mtengenezaji. Baadhi ya magari yanahitaji kompyuta ifundishwe upya nafasi za swichi kwa skana. Usiunganishe saketi ya stata moja kwa moja ili gari liwake katika kila nafasi, hata kama mwenye gari anaomba hivyo kwa muda mfupi, kwa sababu kufanya hivyo ni kuondoa kinga inayozuia gari kumvamia mtu.

Futa misimbo, kisha ukiwa umekanyaga breki, jaribu kuwasha injini katika kila nafasi. Inapaswa kukubali katika P na N pekee. Hakikisha taa za nyuma zinawaka R tu, na skana inataja kila nafasi bila kuruka. Endesha gari hadi mafuta ya giaboksi yapate joto la kazi na gia zote zipite, kisha urudie kusogeza wenzo kutoka P hadi mwisho huku skana ikiwa wazi, na usome misimbo inayosubiri, kwa kuwa kosa lililobaki huandikwa hapo kabla taa ya onyo haijawaka.